Baba alishindwa, au nyakati zilimshinda?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika kutoka Korogwe. Babu yangu aliletwa Tanga kutoka Kibondo mwaka 1947 kukata mkonge, akaoa Mbondei, hakurudi tena kwao. Baba alizaliwa kambini mwaka 1950, akaja kufanya kazi shamba lile lile, akapunguzwa mwaka 1987. Baada ya hapo alikunywa pombe sana, akauza hadi mabati ya nyumba, akafariki mimi nikiwa darasa la sita. Baba mdogo yeye alitoka kambini mapema, akapanda michungwa Muheza, na leo mambo yake mazuri. Kwenye vikao vya ukoo maneno ni yale yale: baba alikuwa mzembe, hakujipanga. Bibi yangu, ambaye bado yupo, anasema ni laana kwa kuwa babu hakurudi kuwazika wazazi wake. Nataka kuandika habari za familia yetu ili wanangu wazijue. Rafiki yangu ameniambia niziweke ndani ya historia ya nchi, lakini historia niliyosoma shuleni ina magavana na marais, haina mtu kama baba. Nitajuaje lipi lilikuwa kosa lake na lipi lilikuwa la nyakati?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilikwama pale pa mabati. Mtoto aliyeona paa la kwao likishushwa haombi kuelezwa habari za uchumi. Kwa hiyo nitangulize hili: sitakuambia kwamba halikuwa kosa. Ila hadithi ya vikao vyenu inaanzia mwaka 1987, na hapo ndipo inapokosea njia. Mwaka ule ulikuwa mwisho wa jambo lililoanza kabla hata babu yako hajazaliwa.

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Kikogwe, karibu na Pangani, ilikuwa 62. Miche hiyo 62 ndiyo chimbuko la mashamba yote unayoyapita ukisafiri kutoka Korogwe kwenda Tanga mjini. Reli ilipoanza kupanda kutoka Tanga kuelekea Usambara, mashamba yaliifuata. Ardhi ilipatikana, mtaji ukaja, ila mikono haikutosha. Wabondei, Wasambaa na Wazigua walikuwa na mashamba yao wenyewe, na kazi ya mkonge wote tunaijua: mwiba wa ncha unachoma, utomvu unawasha mpaka ngozi inababuka. Mtu mwenye mhogo na migomba yake hakuiona faida ya mateso hayo. Basi wenye mashamba wakatafuta watu mbali, mahali ambapo mtu hakuwa na njia nyingine ya kupata fedha.

Kibondo, huko Kigoma, palikuwa miongoni mwa mahali hapo. Utawala ulidai kodi, na ulitaka ilipwe kwa fedha, lakini Buha, nchi ya Waha, haikupewa zao la biashara la maana la kuiingiza fedha hiyo. Kigoma ilikuwa na reli tangu 1914, lakini mzigo mkubwa iliobeba kutoka kwa Waha ulikuwa watu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Japani iliziteka Java na Ufilipino, na huko ndiko nyuzi ngumu za kamba zilikotoka kwa wingi. Ghafla Waingereza na Wamarekani wakaitegemea Tanganyika kwa kamba za meli na za mashamba yao. Vijana wakachukuliwa hata kwa amri ya serikali, na mwaka 1944 wenye mashamba wakaunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, wazee wanakiita SILABU. Aliyeandikishwa alipewa namba, na ndiyo asili ya neno manamba.

Tazama sasa mwaka wa babu yako: 1947. Vita imekwisha, dunia inajijenga upya, kamba zinatakiwa kila bandari, na waandikishaji wamejaa Kigoma. Nikikuuliza kama babu yako aliondoka kwa hiari, utanijibu nini? Hakufungwa kamba. Wengine walisafiri kwa hamu, wakitaka baiskeli, blanketi, mahari, au kuiona dunia tu. Lakini milango mingine ilikuwa imefungwa kabla yeye hajafika kuigonga. Aliamua, ndiyo, ila alichaguliwa mambo ya kuamua.

Hapa naomba tukae kidogo, maana jibu langu lote limelala hapa. Historia huchelewa kufika nyumbani, na ikifika haibishi hodi kwa jina lake. Vita ya Pasifiki, ile ya Japani, haikufika Kibondo ikiitwa vita ya Pasifiki. Ilifika ikiitwa kijana ameondoka. Miaka mingi baadaye ikaitwa mtoto aliyetupa wazazi. Familia hulipatia jambo jina la yule aliyekuwapo siku lilipofika, kwa sababu huyo ndiye wanayemwona.

Na kwa nini hakurudi? Wewe umeandika "hakurudi tena" kana kwamba ni jambo moja. Mimi naona mambo kadhaa. Kambini mshahara ulipimwa kwa kipande, kadi ya siku 30 za kazi. Siku ambayo hukumaliza ngwe yako haikutiwa alama, na kadi isipojaa hupati mshahara. Mtu aliyeumwa malaria wiki mbili kadi yake ilikwenda polepole, akaanza kukopa. Mtu akikopa haoni njia ya kurudi kwao, maana kurudi mikono mitupu baada ya miaka mitatu ni aibu ambayo wengi waliiogopa kuliko mnyapara. Halafu babu yako alipata mke, tena mke wa hapa. Kurudi kungekuwa kumng'oa bibi yako kwao, au kumwacha.

Nimekaa na wazee wa kambi kwa miaka mingi nikiandika habari zao. Sikumbuki hata mmoja aliyesema, "Niliamua kutorudi." Walisema, "Mwaka huu haukufaa, nikasema mwakani." Jambo lililoonekana na watu wa kwao kama uamuzi mmoja wa kutupa wazazi, kwa mwenyewe lilikuwa ahirisho moja baada ya jingine, kila moja na sababu yake nzuri. Bibi yako akisema laana, usimbishie. Laana ni neno lake la kueleza kitu cha kweli: kwamba kulikuwa na deni kwa watu wa Kibondo na halikulipwa. Mimi ningemwambia tu kwamba deni hilo halikuwa la mume wake peke yake. Walidaiwa pia wale waliotaka nguvu za kijana bila kujali nani atawazika wazee wake.

Usidhani lakini kwamba watu hawa walikuwa majani ya kupeperushwa. Walitoroka mikataba, walikawia makusudi kumaliza kadi, walihama shamba baya kwenda lenye mnyapara mwenye utu. Mwaka 1958 wafanyakazi wa shamba la Mazinde waligoma kwa zaidi ya miezi miwili. Muulize bibi kama babu alikuwapo, au kama alikuwa na kadi ya chama cha wafanyakazi. Na kuna jambo jingine walilolifanya bila kulipangia mkutano. Mha, Mnyamwezi, Mbena, Mmakonde na Mrundi walilala safu moja ya vyumba na ilibidi wasemezane. Kiswahili walichokitumia kuomba chumvi na kugombana juu ya maji ndicho baba yako alichonyonya, na ndicho unachoniandikia. Vitabu vya shule vinapoeleza jinsi taifa lilivyopata lugha moja, husahau sana kambi za mkonge. Mtu kama babu yako yumo katika historia hiyo, ila hakutajwa kwa jina.

Sasa tumfikie baba yako, maana ndiye uliyeniuliza.

Alipokuwa na miaka 14, yaani mwaka 1964, Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za singa, yaani nyuzi za mkonge. Hakuna nchi iliyoishinda duniani. Mtoto wa kambi wa mwaka huo alikuwa na kila sababu ya kuamini kwamba mkonge ni kazi ya uhakika. Kwa kijana wa Korogwe kuingia shambani wakati ule kulikuwa kujipanga hasa. Nataka ukiandike hicho, kwa sababu ni kinyume kabisa cha maneno ya vikao.

Asichokijua, na asingeweza kukijua, ni kwamba mwaka ule ulikuwa kilele. Wakulima wa Ulaya na Amerika ya Kaskazini, waliotumia kamba za mkonge kufungia mabunda ya majani makavu ya mifugo, walianza kuuziwa kamba za plastiki. Bei ya mkonge ikaporomoka miaka ya katikati ya 1960. Nyumbani mishahara ilikuwa imepanda baada ya Uhuru, jambo ambalo wafanyakazi walilipigania na walilistahili, na wenye mashamba wakajibu kwa kupunguza watu. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba.

Watu hupenda kubishana hapa: wengine wanasema Azimio ndilo lililoua mkonge, wengine wanasema plastiki. Mimi naona ubishi huo unaliruka jambo muhimu kuliko yote, nalo ni umri wa mmea wenyewe. Mkonge ukiupanda, unaanza kuukata baada ya miaka miwili au mitatu. Unaukata kwa miaka kadhaa, halafu unatoa mlingoti mrefu wa maua, mara moja tu, unakufa. Kwa hiyo shamba halifi mwaka ule mtu anapoacha kulitunza. Bei mbaya za mwisho wa miaka ya 1960 ziliwafanya wenye mashamba wasipande upya. Mashirika ya umma yaliyorithi yalikuta mimea iliyozeeka, na hayakuwa na fedha wala wasimamizi wa kutosha kuirudisha. Lakini korona, mashine za kuchakata majani ya mkonge, zilizidi kunguruma, brashi za kusafisha singa zilizidi kufanya kazi, mshahara ulizidi kutoka. Mwaka 1974, mafuta yalipopanda bei duniani na plastiki nayo ikapanda, bei ya mkonge iliruka juu sana. Hiyo ndiyo ingekuwa nafasi ya kuuokoa, lakini mimea ambayo ingekatwa mwaka 1974 ilipaswa kuwa imepandwa kufikia mwaka 1971, na wengi hawakuipanda.

Baba yako wakati huo ana miaka 24. Nadhani alikuwa anaoa, au anakaribia. Kutoka mlangoni kwake angeona nini? Angeona shughuli, na kama alitembea ndani ya vitalu angeona pia milingoti mingi kuliko kawaida. Waliokuwa wakataji wananiambia waliiona. Lakini kati ya kuona milingoti na kujua kwamba utakosa kazi baada ya miaka 13 kuna umbali mkubwa.

Kisha mambo yakaja mfululizo. Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika 1977. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita iliyofuata ikala fedha za kigeni tulizokuwa nazo kidogo. Mafuta yakapanda tena 1979. Shamba likihitaji kipuri cha korona, au dizeli ya trekta, lilisubiri kibali cha fedha za kigeni pamoja na hospitali na viwanda vya nguo. Wewe ulikuwa mdogo, lakini mimi nakumbuka foleni za sukari na sabuni za mwaka 1983 na watu wakioga kwa majani ya mpapai. Ukiona mashine imesimama kwa ajili ya beringi moja, kisha mkonge ukaozea shambani, kisha magugu yakapanda juu ya mkonge, unaelewa kwamba mtu wa kukata hana la kufanya hata akiwa hodari kupita wote. Mwaka 1986 serikali ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Shilingi ikashushwa thamani, na mashirika yaliyokuwa yakipata hasara yakabanwa. Mwaka uliofuata, baba yako akapewa barua.

Yeye alikuwa na miaka 37 na hakuwa peke yake. Muulize bibi: safu yenu ya vyumba ilikuwa na wanaume wangapi, na wangapi walikuwa bado na kazi mwaka 1990? Hicho ndicho kipimo cha kwanza ninachokupa. Mtu mmoja katika safu akipoteza kazi, tunaweza kuuliza habari za tabia yake. Safu nzima ikipoteza, swali la tabia halitufikishi mbali. Mkoa mzima ulikuwa umepoteza: nchi iliyotoa zaidi ya tani 230,000 ilishuka miaka ya 1990 hadi chini ya tani 40,000. Uzembe wa baba yako hauwezi kubeba pengo hilo.

Kipimo cha pili ni baba mdogo wako. Hapa uwe na ujasiri kidogo, kwa sababu kitagusa heshima ya mtu aliye hai. Kwenye vikao anatajwa kama ushahidi: walitoka tumbo moja, mmoja akajipanga, mwingine hakujipanga. Wewe nenda kwake na shikamoo yako na umuulize jambo moja tu: ardhi ya kupanda michungwa aliipata wapi? Maana mchungwa si mchicha. Unahitaji ardhi usiyofukuzwa, na kitu cha kula miaka mitatu minne kabla haujazaa vizuri. Mtu wa kambi hakuwa na ardhi ya ukoo. Chumba kilikuwa cha shamba, na hata kitalu kilichogeuka pori kilibaki ndani ya hati ya shamba. Aliyelima humo alilima kwa kuvumiliwa. Katika wazee niliowafuatilia Muheza waliofanikiwa na machungwa, wengi ardhi waliipata kwa wakwe, kwa wajomba upande wa mama, au kwa kuandikishwa katika kijiji wakati wa Operesheni Vijiji, kati ya 1973 na 1976. Bibi yako ni Mbondei. Inawezekana wajomba walikuwa na eka za kumpa kijana mmoja, na kaka mkubwa akabaki kazini kwa sababu mshahara wake ndio uliokuwa ukilisha nyumba yenu yote, baba mdogo na michungwa yake michanga ikiwemo. Sijui kama ndivyo ilivyokuwa kwenu. Najua nimeikuta hivyo katika familia zaidi ya moja, na huyo aliyebaki ndiye leo anaitwa mzembe.

Baada ya yote hayo, yanabaki mabati. Wapo waliopunguzwa siku ile ile, kambi ile ile, wasiuze paa la watoto wao. Huo ni ukweli, na usiufute. Kazi yangu si kuwa wakili wa baba yako. Ninachoweza kukuambia ni kwamba kupoteza kazi lilikuwa jambo la nyakati, kutokuwa na ardhi lilikuwa la nyakati, kutopata kiinua mgongo cha maana, kama hakukipata, lilikuwa la nyakati. Namna alivyowatendea nyinyi ndani ya shida hiyo ilikuwa yake. Lakini hata hapo pima kwa haki. Mwanamume aliyelelewa kujua kwamba thamani yake ni kadi iliyojaa, akaamka siku moja hakuna kadi, alikuwa amepokonywa kile alichokijua kama utu uzima. Wanawake wa kambi wengi walistahimili vizuri zaidi, na sababu mojawapo ni kwamba hawakuwahi kutegemea kadi. Walikuwa na bustani nyuma ya vyumba, vitumbua, mikeka, vyama vya kuchangiana. Mama yako aliwalisha kwa nini baada ya 1987? Hukumtaja hata mara moja katika barua yako. Mtafute katika hadithi hii, maana nahisi nusu yake anayo yeye.

Kuhusu kuandika kwenyewe: usianze na historia ya nchi halafu ukaichomeka familia ndani. Anza na vitu vilivyomo nyumbani. Tafuta kipande cha zamani, kadi ya akiba ya wafanyakazi, kadi ya TANU, cheti cha ubatizo au cha ndoa, barua ya kupunguzwa kazi, hata picha ya studio yenye tarehe nyuma. Kila kimoja kina mwaka, na kila mwaka unaweza kuuliza: nani aliamua nini, wapi, hata karatasi hii ikaandikwa? Ukikwama, nenda Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, uombe mafaili ya kazi ya Mkoa wa Tanga. Utakuta malalamiko ya posho mbovu, orodha za watoro, barua za mameneja. Labda jina la babu yako halimo. Lakini utakuta mtu wa Kibondo wa mwaka ule ule akilalamikia unga wenye wadudu, na utajua babu alikula nini.

Andika pia yale yasiyopatana. Bibi akisema babu alikuja kwa lori, na baba mdogo akisema treni, andika yote mawili. Watu wa Kigoma walipanda treni ya reli ya kati kisha wakamaliziwa safari kwa lori, maana reli ya kuiunganisha ile ya kati na ya Tanga haikuwapo mpaka 1963. Mara nyingi wanaopingana wanakumbuka vipande viwili vya safari moja.

Ila mafaili yatakungoja, bibi yako hatakungoja. Nenda kwake wiki hii, peke yako, si siku ya kikao. Usimuulize kama baba alikuwa mzembe wala kama ni laana. Muulize chumba chao kilikuwa cha ngapi kutoka bombani, nani walikuwa majirani kushoto na kulia na walitoka wapi. Muulize siku posho ilipochelewa alipika nini. Na baadaye, akishazoea kusema, muulize kama babu alipata habari za kifo cha wazazi wake, nani aliileta, na siku ile alipoipata alifanya nini.